Tuta la Dalia Chini ya Dirisha

Jumatatu, 4 Septemba

Sista Akello wa kliniki ya Ruiru ameniambia niandike. Hataki hadithi, anataka mambo matatu tu kila siku: mke wangu amekula nini, amelala vipi, amesema nini. "Wewe ndiye unakaa naye, baba. Mimi namwona mara moja kwa mwezi." Kwa hivyo nimenunua daftari hili pale stejini, na mimi, Maluki Kyengo, fundi wa mashine katika kiwanda Thika, ambaye tangu shule sijaandika kitu kirefu kuliko ripoti ya shifti, naanza.

Amekula: uji, nusu kikombe. Amelala: mchana kutwa, au alifumba macho tu. Amesema: hakuna.

Mke wangu ni Nzisa. Anafundisha chekechea Witeithie, au alikuwa akifundisha. Tarehe kumi na tano Agosti alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza wetu baada ya kungoja miaka sita. Mtoto aliishi kwa muda wa saa tatu. Nzisa hakumwona. Alikuwa theta, chumba cha upasuaji, damu ilikataa kukoma, na siku nne zilizofuata hakujua yuko wapi. Aliruhusiwa tarehe ishirini na sita. Tangu afike hapa nyumbani Kalimoni analala akielekea ukutani.

Jumanne, 5 Septemba

Amekula: hakuna. Amelala: siwezi kujua. Amesema: hakuna.

Jumatano, 6 Septemba

Chai, vijiko vinne. Kimya.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimekumbuka kumwagilia maua. Nayaandika kwa sababu leo hakuna jingine.

Nzisa alipokuwa wodini nilishindwa kukaa ndani ya nyumba. Kila nikitoka kumwona nilikuwa nashika jembe. Nilichimba tuta chini ya dirisha la chumba chetu, hatua tatu kwa hatua moja, nikatia mbolea ya ng'ombe, nikazungushia mawe. Kisha nikaenda kwa Gathogo, yule anayeuza miche kando ya barabara Witeithie, nikamwambia nataka kitu cha kuchanua haraka, mke wangu akirudi akikute. Hakuniuliza mengi. Alinipa dalia sita, na zinia za kupanda pembeni.

"Dalia haina maringo," alisema. "Ipe maji na jua tu. Katikati ya Septemba utakuja kuniambia."

Siku tuliyorudi kutoka hospitali, Nzisa alisimama mbele ya tuta lile muda mrefu, nimemshika mkono. Nilidhani amechoka kutembea.

Amekula: uji. Amesema: hakuna.

Jumamosi, 9 Septemba

Mama mkwe amefika kutoka Matuu na kuku wawili na mfuko wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wa kutupikia. Mimi humwita Mwaitu, yaani mama. Wakamba wengi wa rika langu huku mijini wameacha mambo ya mkwe na mama mkwe kukwepana, lakini yeye hajaacha. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatokea jikoni. Hatutazamani usoni. Akiwa na la kuniambia anauambia ukuta, nami nausikiliza ukuta.

"Nyumba hii haina chumvi," ukuta uliniambia saa saba. Nikaenda kununua chumvi.

Najua ananilaumu. Hata mgongo wake unanilaumu.

Nzisa alimtazama mama yake, akamshika kidole, akarudi kulala.

Jumapili, 10 Septemba

Muthokoi, vijiko vitatu. Hakusema kitu. Jua kali.

Jumanne, 12 Septemba

Dalia ya kwanza imechanua. Nyekundu ya kuiva, kubwa kama kisahani. Niliiacha asubuhi imefunguka nusu nikaenda kazini.

Niliporudi saa kumi kitanda kilikuwa kitupu. Nikazunguka nyumba mbio na buti za kazi. Nzisa alikuwa ameketi chini kando ya tuta, miguu ameinyoosha, kiganja kimoja amekilaza juu ya udongo.

"Imechanua," akasema.

Neno moja. Niliingia bafuni nikafungulia maji ili wasinisikie nikilia.

Alhamisi, 14 Septemba

Dalia tatu. Alikaa nje tangu saa nne mpaka jua lilipozidi. Chapati nzima na maharagwe!

Jumapili, 17 Septemba

Dalia saba zimefunguka, na zinia zimeanza, za waridi na za rangi ya chungwa. Nyuki wamejaa. Nzisa anang'oa majani kwa vidole, moja moja. Anazungumza chini chini na maua, na jana Mwaitu aliuambia ukuta kwamba alimsikia akiimba wimbo wa chekechea.

Nilipanda boda mpaka kwa Gathogo kumshukuru. Alifurahi kana kwamba dalia ni watoto wake. "Si nilikuambia? Haiya! Mama akianza kushika mchanga, huyo amepona." Nikaongeza miche minne.

Amekula: kila kitu. Amelala: vizuri. Amesema: mengi, ingawa si kwangu.

Jumatatu, 18 Septemba

Ameniuliza kama nimekula. Mimi!

Alhamisi, 21 Septemba

Leo lazima niandike nilichokiruka.

Nilirudi kutoka shifti ya asubuhi. Nzisa alikuwa nje kwa maua yake. Nilikuwa navua viatu sebuleni niliposikia Mwaitu akikohoa nyuma ya mlango wa jikoni.

"Nataka kuongea na mwenye nyumba hii."

"Niko hapa, Mwaitu."

"Nilikuja na hasira." Hakuwa akiuambia ukuta leo. Alikuwa nyuma ya mlango, lakini maneno alinielekezea mimi. "Nilijiuliza, huyu ni mtu gani anazika mtoto peke yake, hakutungoja, hakutuambia, hakuna hata mchungaji. Siku ya kwanza nilitaka kumchukua binti yangu turudi. Lakini nimekaa hapa nikaona. Umemlaza mtoto chini ya dirisha la mama yake. Umempandia maua ambayo hata watu wazima hawapandiwi. Nzisa humwimbia pale, anamwambia habari za siku. Yale maua yamemrudisha. Nimekosea juu yako. Basi, ni hilo."

Nikasikia anarudi kwenye sufuria zake. Nilibaki na kiatu kimoja mkononi.

Mtoto hayuko pale. Pale kuna dalia na mbolea ya ng'ombe.

Siku ile hospitalini nilikuwa kwenye korido. Daktari alitoka theta, glavu zina damu, akaniambia nijiandae hata kwa mama. Hazikupita dakika tano akaja mtu na fomu kwenye ubao: mwili wa mtoto mtauchukua au mnauachia hospitali iuzike? Alinisemesha kwa upole. Hakunilazimisha. Mimi nilikuwa nawaza jinsi nitakavyowazika wawili. Nikasema, iacheni hospitali izike. Nikatia sahihi. Hata kalamu ilikuwa yangu, ya kazini.

Sijawahi kuuliza alipelekwa wapi. Nzisa hakuwahi kuniuliza, nikashukuru Mungu kwamba haulizi. Sasa najua kwa nini haulizi. Alirudi kutoka hospitali akakuta chini ya dirisha lake udongo uliochimbwa upya, umezungushiwa mawe, hatua tatu kwa moja. Angefikiri nini kingine?

Ijumaa, 22 Septemba

Sikumwambia.

Jumamosi, 23 Septemba

Nilikaribia. Nilikwenda nikachuchumaa kando yake. Akasema, "Nilikuchukia pale mwanzo, Maluki. Nilidhani umemwacha huko." Akaniegemeza kichwa begani.

Nikaenda kuchota maji ya kumwagilia.

Jumatano, 27 Septemba

Amekula vizuri, amelala vizuri, anasema. Mimi ndiye silali.

Jumapili, 1 Oktoba

Tuta limejaa mpaka mawe hayaonekani. Nyekundu, njano, moja nyeupe yenye ncha za zambarau ambayo Gathogo mwenyewe hakuitarajia. Watu wakitoka kanisani wanasimama kwenye ua wa miti ya kayaba kutazama. Mama mmoja aliomba mbegu. Nzisa alimwambia kwa adabu, "Hizi hatugawi," na alipoondoka akanitazama kana kwamba sisi ni watu wawili wenye siri moja.

Ninayachukia haya maua. Nimeyapanda kwa mikono yangu na nayachukia.

Jumatatu, 2 Oktoba

Kliniki, Ruiru. Sista Akello alimsifu Nzisa, kilo tatu zimerudi. Alipopelekwa kupimwa damu nilimfungulia Sista daftari kwenye ukurasa wa tarehe ishirini na moja. Alisoma mara mbili.

"Mama yake Nzisa anajua?"

"Hapana."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Sijauliza."

Alivua miwani. Ni mwanamke mpole lakini leo hakunipa upole. "Maluki, hili halitakuwa jepesi kesho kuliko leo. Mwambie Nzisa, mama yake akiwa karibu. Na kabla ya hapo nenda hospitali uulize. Akikuuliza yuko wapi, uwe na jibu."

Nimeahidi Jumamosi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Shifti ya asubuhi. Dalia tatu mpya. Sikusema.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimemwambia bosi nitafanya ovataimu. Mimi mwenyewe niliiomba. Sikwenda hospitali, wala nyumbani sikurudi mapema.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza, saa tisa alasiri. Redio haina habari nyingine ila El Nino. Nzisa alisimama dirishani. "Atapata baridi," akasema. Mwaitu akamjibu, "Udongo una joto lake, mwanangu."

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua. Anakula kidogo tena.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa, sikwenda kazini. Mvua imezivunja dalia mbili shingo. Nzisa alichana leso yake vipande, tukazifunga kwenye vijiti, mimi nashika, yeye anafunga. Aliniomba nimjengee kijumba cha mabati juu ya tuta. Nikasema nitajenga. Aliniomba tumwite mchungaji aje aombe pale, maana mtoto hajaombewa. Nikasema tungoje mvua ipungue.

Mwaitu alikuwa akitutazama kutoka mlangoni. Niliinua macho kwa bahati mbaya, yakakutana na yake. Aliyaondoa, lakini alikawia kidogo. Nadhani ameanza kunitilia shaka. Zamani nilimwogopa kwa sababu nilidhani ananichukia. Sasa namwogopa kwa sababu ananiheshimu.

Jumatano, 25 Oktoba

Nusu chapati. Haendi kulala mpaka mvua ikome, na mvua haikomi.

Jumatatu, 30 Oktoba

Tulikuwa na siku ya kliniki. Barabara ya kutoka Kalimoni imejaa maji, hatukwenda. Nilifurahi.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Uji tu.

Jumapili, 5 Novemba

Nayaandika ya jana. Mikono inauma lakini nitaandika yote.

Kule juu wanajenga fleti, na walipochimba msingi walifunga mtaro wa zamani. Jana mchana, saa nane na kitu, maji yalikosa pa kwenda yakapasua ua wa kayaba na kuingia kwetu. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama mtu anayemwaga ndoo, kisha ndoo kumi, kisha hukuyaona mwisho wake, meusi, yamebeba majani na viatu vya watu. Nilikuwa langoni nachimba njia ya kuyatoa. Nikasikia Mwaitu akipiga kelele jina la Nzisa.

Nilipofika nyuma ya nyumba alikuwa amepiga magoti ndani ya maji, mawe ameyatupa, anachimba kwa mikono. Begani amejitupia blanketi dogo la njano, lile tulilonunua Julai. Dalia zilikuwa zimelala zote, nyingine zinaelea.

"Analowa maji, Maluki! Nisaidie tumtoe! Tumpeleke ndani!"

Nilimshika mabega. Akaniuma mkono mpaka damu. Mwaitu naye alikuwa ameshuka ngazi, leso imemganda mwilini, ananililia, "Leta jembe, baba, leta jembe, maji yatamchukua!" Wote wawili walikuwa wakinisihi mimi nimwokoe.

"Hayuko hapo," nikasema.

Hawakunisikia kwa mvua. Nikapaza sauti. "Nzisa! Hayuko hapo! Hakuwahi kuwa hapo!"

Mikono yake ilisimama.

"Yuko wapi?"

Ni mara ya kwanza kuniuliza tangu Agosti. Nilikuwa na mwezi mzima wa kutafuta jibu la swali hilo.

"Sijui," nikasema. "Nilitia sahihi. Hospitali ilimzika. Sijui wapi."

Aliendelea kuchimba. Hakuniamini, au aliniamini na mikono ikakataa. Kucha zilikuwa zinavunjika. Basi nikachukua jembe. Nilimwomba Mwaitu amwondoe pembeni, nikalichimba tuta lote mbele yao. Nilizing'oa dalia moja moja na mizizi yake, zile zenye vitambaa vya leso, ile nyeupe, zinia zote, nikazitupa nyuma yangu. Nilichimba mpaka magotini, mpaka kwenye ule udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa na mtu. Jembe lilipogonga jiwe la chini nikasimama kando ili aone.

Nzisa alikuja akatazama. Shimo lilikuwa linajaa maji. Kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa na akili timamu kabisa, ndicho kilichoniogopesha.

"Uliniacha niongee na mchanga," akasema.

Asubuhi hii Nzisa na Mwaitu wameondoka kwenda Matuu, maji yamepungua. Mwaitu hakuniambia neno, wala ukuta hakuuambia.

Jumanne, 7 Novemba

Amekula: sijui. Amelala: sijui. Amesema: sijui.

Jumatano, 8 Novemba

Nimekwenda hospitali. Miezi mitatu nimekwepa mlango ule, na mle ndani ilichukua dakika kumi na tano.

Karani wa rekodi ni msichana anaitwa Lynn. Nilimpa jina la Nzisa na tarehe. Alifungua kitabu kikubwa, akapeleka kidole chini kwa mstari.

"Huyu hapa. Alizikwa tarehe tano Oktoba."

"Agosti," nikamwambia. "Alifariki kumi na tano Agosti."

"Ndiyo, alifariki Agosti. Lakini hatuziki mara moja. Kibali hungojewa kwanza, kisha wanapelekwa pamoja. Kundi hili lilikwenda tarehe tano Oktoba."

Nikamwuliza polepole, kwa sababu nilitaka anikatalie. "Kwa hivyo Septemba yote alikuwa wapi?"

"Alikuwa hapa mochari."

"Na kama mtu angekuja kumwomba?"

Nadhani hapo ndipo alipoelewa anazungumza na nani. Alishusha sauti. "Angeandika barua, angepewa. Wengine huja."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa maua wa hospitali. Nilifungua daftari. Alhamisi, 5 Oktoba: shifti ya asubuhi, dalia tatu mpya, sikusema. Siku tatu kabla ya hapo Sista aliniambia niende nikaulize. Ningekwenda siku ile ile kutoka Ruiru, au Jumanne, au Jumatano, ningemrudishia Nzisa mtoto wake nyumbani. Ningemlaza palepale alipodhani amelala. Uongo ungekuwa kweli na kusingekuwa na wa kumwumiza. Nilikuwa na siku kumi na nne tangu nijue anachoamini, na nilizitumia kuhesabu maua.

Jumamosi, 11 Novemba

Makaburi ya umma yako nje ya mji, ng'ambo ya mashamba. Mlinzi wa pale anaitwa Odongo, mzee mrefu mwenye gambuti na koti la mvua. Nilimwonyesha namba niliyoandikiwa na Lynn.

"Wa tarehe tano," akasema. "Nawakumbuka. Walikuwa kumi na mmoja. Ilikuwa siku ya jua."

Alinipeleka mpaka kwenye kona ya mwisho, ambapo ardhi imeinuka na maji hayakufika. Hakuna misalaba. Kuna kigingi cha zege chenye namba, na majani yameanza kuota.

"Uliwazika namna gani?" nikamwuliza.

"Kila mmoja kivyake, kwenye kitambaa chake. Shimo moja lakini nawapanga. Siwatupi." Alisema hivyo kwa ukali kidogo, kama mtu aliyewahi kutuhumiwa. "Nina wajukuu."

Nilitaka kupiga magoti, nikaona sistahili kumtangulia Nzisa. Nikarudi nyumbani.

Jumatatu, 13 Novemba

Shimo chini ya dirisha limejaa vyura. Nimelifukia.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimekwenda Matuu. Usiku kucha nilijiambia kwamba nina haki ya kuacha jambo la Oktoba bila kulisema. Ninajua alipo, hilo linatosha, tarehe itamsaidia nini? Nilipofika langoni kwao bado nilikuwa najiambia hivyo.

Mwaitu alikuwa uani anaanika mbaazi. Nikasimama, nikainamisha macho kama kawaida, nikangoja ajitenge. Hakujitenga. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu kuliko mama mkwe anavyopaswa kumkaribia mkwe, akaniinua kidevu kwa kidole.

"Nitazame," akasema. "Tumeheshimiana vya kutosha. Mtoto umempata?"

"Nimempata, Mwaitu."

"Kuna kingine unachoficha?"

Miaka saba ya ndoa na sikuwahi kuuona uso wake vizuri. Ni uso wa Nzisa, uliopigwa na jua.

"Kipo," nikasema.

"Basi kimwambie yeye. Na ukitoka hapa nacho, usirudi tena."

Nzisa alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda, anachagua mawe katika ndengu. Amekonda, lakini nywele zimesukwa. Nilikaa sakafuni. Nilimwambia kila kitu: korido, fomu, tarehe ishirini na moja mama yake aliponishukuru, Sista, ahadi ya Jumamosi, ovataimu. Nikamwambia tarehe tano Oktoba. Nikamwambia kwamba Septemba yote mtoto angeweza kurudi nyumbani, na kwamba aliyemzuia ni mimi.

Ndengu zilimtoka mapajani zikamwagika. Hakupiga kelele. Aliinuka akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilikaa pale sakafuni nikaokota ndengu mpaka ya mwisho, nikazichagua, nikazirudisha kwenye sinia. Jioni ilipoingia nikaaga.

Mwaitu alinisindikiza hadi barabarani, akitembea kando yangu, si nyuma.

"Jumamosi ijayo," akasema. "Utungoje Thika. Sikuahidi kitu, Maluki. Nasema tu tutakuja."

Ndiyo mara ya kwanza kunitaja jina.

Alhamisi, 23 Novemba

Shifti ya usiku imebadilishwa. Jumamosi niko huru.

Jumamosi, 25 Novemba

Wamerudi Matuu na gari la saa kumi. Sijui kama atakuja tena Kalimoni, na sikumwuliza. Naandika yaliyotokea.

Walishuka stendi ya Thika saa nne. Nzisa alivaa koti la kanisani. Hatukushikana mkono. Odongo alikuwa ametungoja, na alikuwa amefyeka majani kuzunguka kigingi bila mtu kumwomba. Alivua kofia, akamwonyesha Nzisa kwa mkono wazi, akaenda zake mpaka kwenye kibanda.

Nzisa alisimama. Kisha akapiga magoti. Nilidhani ataimba, au atasema na mtoto kama alivyokuwa akisema pale dirishani, lakini alilaza kiganja kimoja juu ya udongo. Mwaitu alikuwa amekaa chini ardhini, miguu ameikunja, analia bila sauti.

"Wewe ulimwona," Nzisa akasema. Hakugeuka.

"Ndiyo."

"Saa tatu zote?"

"Hapana. Dakika kama ishirini. Nesi alinipa nimshike. Kisha wakamrudisha kwenye mashine."

"Ulimshika."

"Nilimshika."

Akageuka sasa. Uso wake ulikuwa mbaya kwa machozi na baridi. "Miezi mitatu na zaidi, Maluki. Watu wananiambia pole, wananiambia nitapata mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeniambia mtoto wangu alikuwa anafananaje. Niambie. Na usiruke kitu."

Sijawahi kumwambia mtu. Nilikaa chini kwenye majani yenye maji, nikaanza. Nikamwambia alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Nywele nyingi, zimelala mbele kwenye paji. Masikio kama ya Nzisa, yale yaliyobana kichwa. Kucha ndefu kama za mtu mzima, moja ilinikwaruza hapa, chini ya kidole gumba. Jicho la kushoto alilifungua, la kulia hakulifungua. Nikamwambia alikuwa na kwikwi.

"Kwikwi?"

"Mara nne au tano. Kila ikimshika alikunja uso, kama mtu aliyekatizwa maneno. Nesi alicheka. Hata mimi nilicheka. Nilimwambia mama yako yuko hapo ndani, anakuja."

Nzisa aliweka mikono yote miwili mdomoni. Mwaitu alisogea, akajivuta ardhini mpaka akawa kati yetu, bega moja kwangu, bega moja kwa binti yake. Odongo alikuwa amesimama kibandani ametugeuzia mgongo.

Tulikaa hivyo mpaka manyunyu yakaanza. Nilidhani sasa atataka kuondoka. Badala yake alipangusa uso kwa mkono wa koti, akajiweka vizuri pale chini.

"Anza tena," akasema. "Anza pale nesi alipokupa."

Nikaanza tena.